Ukiona bwawa, uliza nani hupanda ukuta wake

Mimi kazi yangu ni pampu. Natengeneza, nafunga mpya, natoa zile mota zimeungua naweka nyingine, na hiyo kazi imenizungusha sana, kutoka hapa Nakuru hadi Rongai, Njoro, Kuresoi, nikashuka Sondu na Ahero, nikafika hadi Budalang'i kule Nzoia inaingia ziwani. Mahali pampu iko lazima kuna kisima, mto, ziwa ama bwawa, na kati ya hayo yote mabwawa ndio yamenifundisha zaidi. Naandika haya sasa kwa sababu najua kuna watu wengi wanaishi chini ya kuta ambazo hawajawahi hata siku moja kuzipanda kuona hali yake.

Watu wakisikia bwawa wanafikiria stima kwanza. Si vibaya, stima ni kitu kikubwa. Kule mto Tana kuna yale matano ya Seven Forks, Kindaruma ilianza 1968, ikaja Kamburu, Gitaru, Masinga ikamalizika 1981 na Kiambere 1988, yamepangana moja chini ya lingine, maji yakishazungusha mitambo ya hapa yanateremka kuzungusha ya pale, na Masinga ndio ghala lao kwa sababu linashika zaidi ya mita za ujazo bilioni 1.5. Masinga likikauka, yote yaliyo chini yake yanajua. Huku upande wetu kuna Turkwel, ukuta wa zege wa mita 153 umebanwa katikati ya milima miwili kule Pokot Magharibi, megawati 106, na stima yake inasafiri hadi Lessos ndio igawanywe huku magharibi. Mi nikiwasha mashine ya kuchomelea hapa kwa kibanda changu sijui ni maji ya mto gani yanainua hiyo stima, lakini najua kuna mtu mahali fulani ako kwa ukuta na daftari anaandika maji yamepanda kiasi gani leo. Huyo mtu na daftari lake ndio jambo ninalotaka kuzungumzia.

Hapa Nakuru shida yetu ni tofauti na ya Kisumu. Kisumu wana ziwa mlangoni, wanavuta maji Dunga, na mengine yanashuka yenyewe kutoka Kajulu bila hata pampu (hiyo mimi fundi wa pampu naisifu kabisa, maji yanayoshuka yenyewe hayana bili ya stima). Sisi Nakuru hatuna mto mkubwa na ziwa letu ni la chumvi, kwa hivyo maji mengi ya mji yanatoka visima virefu, na visima vya Bonde la Ufa vina floraidi. Shirika la Afya Duniani linasema isizidi miligramu 1.5 kwa lita, na kuna visima huku kwetu vinapita hapo mbali sana. Ndio unaona mtu amezaliwa Nakuru ama Njoro ana meno ya kahawia, watu wa nje wanadhani hapigi mswaki, kumbe ni maji aliyokunywa akiwa mtoto wakati meno yanatengenezwa ndani ya ufizi. Ikizidi zaidi inaingia hadi kwa mifupa. Kuna watu wanachuja kwa mkaa wa mifupa ya ng'ombe na inasaidia kweli, lakini huo mkaa unachoka, lazima ubadilishwe, na nyumba nyingi haziwezi.

Maji ya mvua na ya mito ya milimani hayana hiyo shida sana, na ndio maana mabwawa kama Turasha na lile la Chemususu juu ya Eldama Ravine yana maana kubwa kwetu kuliko vile watu wanafikiria. Si kiu peke yake. Mama akiniambia anataka maji ya bwawa yafike kwake kwa sababu ya meno ya watoto, mimi namwelewa, niliona darasa nzima la watoto wakificha midomo wakicheka.

Sasa kuna ile kazi ya bwawa la Itare. Wale wa Kuresoi wanajua. Ilizinduliwa 2017, tukaambiwa maji yatashuka hadi Nakuru mjini, na kabla kazi haijafika hata nusu mwanakandarasi akaingia kwa shida za pesa na kila kitu kikasimama. Nilikuwa napita huko mara kwa mara kwa kazi za watu binafsi. Kulikuwa na vijana walikuwa wameandikwa, kuna mama alikuwa amepanua hoteli yake akaongeza meza na sufuria kubwa kwa sababu ya wafanyakazi, halafu ghafla kimya, malori yamesimama, nyasi zinamea kwa njia iliyofunguliwa na tingatinga. Hiyo inauma na watu wamelizungumza sana. Lakini kuna kitu kingine kuhusu Itare ambacho wengi Nakuru hawakukisikia, na mimi nilikisikia nikiwa huko chini ya mto, Nyakach.

Maji ya Itare hayaendi Nakuru yenyewe. Yakiachwa, yanateremka kutoka msitu wa Mau, yanakutana na mito mingine ya Kericho, yanakuwa mto Sondu, yanaishia Ziwa Victoria. Na hapo Sondu ndio kuna mtambo wa Sondu Miriu, megawati 60. Ule haukujengwa na bwawa kubwa la kuhifadhi, kuna kizuizi kidogo mtoni halafu maji yanaingizwa kwa handaki la chini kwa chini zaidi ya kilomita 6, yanatoka yakianguka kwa nguvu yanazungusha mitambo, kisha yanapita tena kwa mtambo mdogo wa Sang'oro kabla ya kurudi mtoni. Kwa sababu hakuna ghala, mto ukipungua kiangazi na stima inapungua palepale. Kwa hivyo ukiwa Nakuru unaomba bwawa la Itare liishe haraka, kuna mtu Nyakach anauliza, na mimi mtanibakishia ngapi?

Niliulizwa hilo swali hivyohivyo na mzee mmoja, nilikuwa nimeenda kumrekebishia pampu ya petroli ya kunyunyizia sukuma wiki na nyanya. Aliniuliza natoka wapi, nikamwambia Nakuru, akaacha kunipitishia spana akaniangalia. "Omera, kumbe ninyi ndio mnataka kugeuza mto wetu upande ule mwingine." Nikamwambia mzee, sisi huko tunakunywa maji ya floraidi, hata mimi angalia meno yangu. Akaangalia kweli. Akanyamaza kidogo, akasema hajawahi kuambiwa hiyo habari ya meno. Na mimi nikamwambia sikuwa najua mto wake unaanzia kwetu. Tulikaa hapo hadi jua likashuka tukizungumza vile ingekuwa watu wa juu na watu wa chini wangekalishwa baraza moja kabla jiwe la kwanza kuwekwa, wapimiwe maji mbele yao, kila mmoja ajue kiangazi kitabaki nini mtoni. Nairobi wamekuwa na hiyo shida miaka mingi, bwawa la Ndakaini liko Murang'a, linashika mita za ujazo milioni 70, ndilo linabeba sehemu kubwa ya maji ya jiji, na watu wa Murang'a hawajaacha kuuliza mbona wao wanayaona yakipita. Naona wana haki ya kuuliza. Mtu hawezi kuwa jirani wa maji hayo na mtungi wake uko tupu.

Lakini mabwawa makubwa yana mainjinia. Yale yananinyima usingizi ni masilanga, yale madogo ya udongo, yako kila mahali Rongai, Solai, Subukia, Njoro, mengine yalichimbwa na masetla kwa ajili ya mashamba, baadaye mashamba yakagawanywa na kuuzwa, watu wakajenga chini yake, na ukiuliza silanga ni la nani kila mtu anaangalia mwenzake.

Kuna moja upande wa Rongai ambalo nimelihudumia muda mrefu, na huko ndio nimejifunza kila kitu ninachojua. Kamati yake inaongozwa na mama mmoja mkali sana, alikuwa mwalimu, amestaafu. Mara ya kwanza niliitwa kwa ajili ya pampu tu. Mota ilikuwa sawa, nikaona pampu inavuta matope, nikamwambia mama hapa shida si pampu, bwawa limejaa tope hadi mdomo wa paipu. Akaniambia, "Kijana, twende tuzunguke kwanza." Tukazunguka ukuta wote kwa miguu, na sijawahi kuacha kufanya hivyo tangu siku hiyo, popote nikiitwa.

Alinionyesha vitu moja moja. Kwanza miti. Kuna mtu alikuwa amepanda mikaratusi juu ya ukuta akidhani inashika udongo, mama alikuwa amepigana naye hadi kwa chifu, kwa sababu mzizi wa mti unaingia ndani ya ukuta, mti ukikauka mzizi unaoza, panabaki shimo, maji yanapata njia. Juu ya ukuta ni nyasi tu, nyasi fupi ile inatambaa. Pili mashimo ya fuko na nungunungu, hayo yanazibwa na kushindiliwa mara yakionekana. Tatu ng'ombe, wasipande ukuta kabisa, wanatengeneza vijia na mvua ikija kijia kinakuwa mtaro. Kamati ilikuwa imejenga birika la simenti chini ya ukuta, maji yanafika kwa paipu, ng'ombe wanakunywa huko na bwawa limewekwa fensi ya miiba. Hiyo fensi ilisaidia na watoto pia, maana masilanga yanaua watoto, wanaenda kuogelea na chini ni tope hawezi kusimama, na yale maji ya kukanyagwa na kukojolewa yana konokono wa kichocho. Maji yakitoka kwa paipu, mtu anajaza mtungi bila kuingia majini.

Halafu akanipeleka nyuma, kwa mguu wa ukuta, mahali palikuwa na unyevu. Akainama akachota kwa kiganja. "Yako safi," akasema. "Yakiwa safi natulia, naandika tu. Siku yakitoka na rangi ya udongo, hiyo siku naamsha watu wahame." Sikuwa nimewahi kusikia hiyo, na baadaye injinia wa maji aliniambia ni kweli kabisa. Ukuta wa udongo karibu wote unavuja kidogo, lakini maji yakianza kutoka na matope maana yake yanabeba ukuta kutoka ndani, yanachimba tundu polepole, mara nyingi kando ya paipu ile inapita chini ya ukuta, na tundu likishafika upande wa bwawa hakuna kinachoweza kulizuia.

Na mwisho njia ya maji ya ziada, wenyewe wanaiita spilwei. Hapo ndio mama alikuwa mkali zaidi. Kila bwawa la udongo lazima liwe na mahali pa pembeni, pa chini kuliko ukuta, maji yakizidi yapite huko, kwa sababu maji yakipanda juu ya ukuta wa udongo yanaukata kama kisu kwa mkate. Sasa kiangazi watu wanaona maji kidogo, wanaanza kusema tuongeze mawe na magunia ya mchanga kwa spilwei bwawa lishike zaidi. Nimeona hiyo mahali pengi sana. Wengine wanapanda mahindi ndani yake kwa sababu ni tambarare na ina rutuba. Inaonekana ni akili, lita zaidi za bure, halafu inakuja ile mvua ya Aprili inanyesha usiku mzima.

Solai, usiku wa tarehe 9 Mei 2018. Bwawa la shamba la mtu binafsi lilipasuka juu ya mlima, maji na matope yakashuka kwa watu wamelala, zaidi ya watu 40 wakafa, wengi wao watoto na akina mama. Nilienda siku iliyofuata pamoja na mafundi wenzangu tukiwa na sepetu. Sitaeleza yote niliyoona. Nitasema tu kwamba kulikuwa na mahali palikuwa na nyumba na hata msingi haukubaki, na watu walikuwa wanatafuta jamaa zao kwa matope kilomita mbali na nyumbani kwao. Na kila mtu niliyezungumza naye aliyeishi hapo chini, nilipouliza kama aliwahi kufika kule juu kuona bwawa, alisema hapana, ni shamba la mtu, kuna geti. Hiyo ilinikaa. Watu wanaishi chini ya maji ya mtu mwingine na hawana ruhusa ya kuyaangalia.

Sheria ipo. Kuna mamlaka ya serikali ya rasilimali za maji, bwawa linafaa kuwa na kibali, lipimwe, likaguliwe, na kuna vyama vya watumiaji maji vya kila mto mdogo ambavyo mwananchi wa kawaida anaweza kuingia. Nawasihi watu waingie. Mimi niliingia, mikutano mingine ni mirefu na watu wanabishana juu ya mpaka wa shamba hadi jioni, lakini hapo ndio mahali unaweza kusimama ukasema bwawa fulani spilwei yake imezibwa na malalamiko yako yakaandikwa kwa kitabu.

Kisha ikaja Mai Mahiu, Aprili 2024, ile mvua kubwa. Asubuhi kila mtu alisema ni bwawa limepasuka. Baadaye ikaelezwa kwamba maji yalijikusanya nyuma ya tuta la reli ya zamani, njia ya maji chini yake ikiwa imezibwa na takataka na magogo, hadi tuta likashindwa. Yaani hapo hakukuwa na mtu aliyepanga kujenga bwawa, lilijitengeneza lenyewe. Tangu hapo hata karavati za barabara ninazipita nikiangalia. Ukiona karavati imejaa plastiki na matawi na juu yake kuna bonde, hilo ni bwawa linasubiri mvua, bila spilwei, bila kamati na bila daftari.

Upande wa ziwa huko Kano mambo yako kinyume, huko watu wanalilia bwawa lijengwe. Nimefanya kazi Ahero kwa pampu za mpunga. Maji ya Nyando yanavutwa kwa stima kuingizwa mashambani, kwa hivyo bili ikichelewa mpunga unakauka na mto uko pale pembeni umejaa. Halafu mvua ikinyesha milima ya Nandi na Kericho, Nyando huohuo unapanda unaingia kwa nyumba, familia zinahamia shule na kanisani. Mto mmoja, watu walewale, kiangazi wanalipa kuuvuta na masika unawafukuza. Bwawa la Soin-Koru huko juu limezungumzwa tangu wengine wetu tuko shule, na wakulima niliofanya nao kazi wanalisubiri kwa hamu kwa sababu lingeshika ile maji ya ghafla na kuiachia kidogokidogo. Kirinyaga walipata Thiba, likazinduliwa Oktoba 2022, na kazi yake ni kuwawezesha wa Mwea kulima mpunga zaidi ya msimu mmoja bila kugombania zamu ya maji. Natamani Kano wapate hivyo. Ila nawaambia marafiki zangu wa Ahero, siku hiyo ikifika msiulize tu fidia na kazi za vijana, ulizeni geti likifunguliwa usiku ninyi mtapigiwa simu na nani, na mna dakika ngapi. Mwaka huohuo wa 2024 watu wa Garissa na Tana River walikuwa wanatangaziwa wahame kwa sababu yale ya Seven Forks yamejaa. Hayo matangazo yanaokoa watu, na hayaji yenyewe, kuna ofisi na namba na mtu wa zamu.

Na tope nalo. Mlima ukilimwa hadi ukingo wa mto, bwawa linajaa udongo wa shamba la mtu. Lile silanga la Rongai tulilitoa tope kwa sepetu na punda na baadaye trakta ya kukodi, kiangazi chote, kila nyumba ikichanga pesa ama mtu wa kufanya kazi, na udongo uliotoka watu wakarudisha mashambani maana ulikuwa ni rutuba yao wenyewe. Juu ya bwawa mama akafanya watu waache nyasi upana wa hatua nyingi pande zote mbili za kijito. Kuna mmoja alikataa, akasema shamba ni lake hadi majini. Kamati ikakubaliana anunuliwe mbegu ya nyasi ya mabingobingo apande hapo alishe ng'ombe wake, na huyo sasa ndiye anatuuzia wengine miche.

Saa hii yule mama mwalimu wa Rongai ameniandikia, mvua zikikaribia anataka ukuta wote uzungukwe tena, spilwei ifyekwe, na kuna jirani mpya amenunua ploti chini ya bwawa anataka kujenga. Amesema nije na mimi, na huyo jirani aje pia apande juu aone, kisha namba yake ya simu iandikwe kwenye daftari pamoja na za wengine wote wa chini.